Nyonga ya Bandia Inapochomoka

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara, lishe ya watoto na shinikizo la damu. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, kwa maana tunataka kuzungumzia jambo ambalo zamani halikuwa letu. Zamani mtu wa Musoma, Bunda au Butiama akiharibika nyonga alikaa nayo hivyo hivyo. Alitembea kwa mkongojo, baadaye kwa kujikokota, na mwisho alilala kitandani. Wachache wenye uwezo, au waliobahatika kupelekwa na serikali, walikwenda kutibiwa India.

Siku hizi mambo yamebadilika. Upasuaji wa kuondoa nyonga iliyoharibika na kuweka nyingine ya bandia unafanyika hapa hapa nchini. Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoko Dar es Salaam, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, inaufanya. Baadhi ya jamaa zetu walio karibu na mpaka wa Sirari huvuka kwenda Kenya, kwenye hospitali za misheni kama ile ya Kikuyu. Kwa hiyo katika jumuiya zetu, kuanzia Kitaji hapa mjini hadi vijiji vya Butiama, wapo watu wanaotembea na nyonga ya chuma na plastiki ndani ya mwili, na pengine jirani hajui.

Shida ni hii: mgonjwa hupasuliwa mbali, kisha hurudi kuishi nyumbani. Na nyumbani kuna kigoda, mkeka, mafiga matatu na choo cha shimo. Mara nyingi nyonga ya bandia haichomoki mikononi mwa daktari. Inachomoka hapa kwetu, na wanaokuwa karibu saa ile ni mke, mume, watoto na majirani. Ndiyo maana tunaandika kwa ajili ya familia nzima, si kwa ajili ya mgonjwa peke yake.

NYONGA YENYEWE

Nyonga ni mahali ambapo mfupa wa paja unaungana na kiuno. Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kama mpira mdogo, na kwenye mfupa wa kiuno kuna shimo la kukipokea. Mfikirie mchi uliokaa ndani ya kinu kilichoutosha kabisa. Kati ya kichwa na shimo kuna gegedu laini na ute, ili visisuguane. Kuzunguka kiungo kizima kuna mfuko mgumu wa nyama na kano nene, na juu yake misuli ya tako na paja, ambayo ni miongoni mwa misuli yenye nguvu kuliko yote mwilini. Kwa sababu hiyo nyonga ya kuzaliwa nayo haichomoki kwa urahisi. Inahitaji kishindo kikubwa, kwa mfano ajali ya gari au ya pikipiki.

Nyonga ya bandia ni tofauti. Daktari hukata kichwa kilichoharibika, akachimba ndani ya mfupa wa paja na kuingiza nondo ya chuma yenye kichwa kipya juu yake. Kwenye shimo la kiuno huweka kikombe, mara nyingi chenye plastiki ngumu ndani. Ili afike huko ni lazima apasue ule mfuko na kuisogeza au kuikata baadhi ya misuli. Baadaye hushona, lakini nyama iliyoshonwa huchukua wiki nyingi kushika. Katika muda huo kichwa kinashikiliwa ndani ya kikombe na misuli dhaifu tu, pamoja na uangalifu wa mwenye mguu.

Aliyeiwezesha kazi hii kuenea duniani ni daktari Mwingereza, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yeye alichagua kichwa kidogo, chenye upana wa milimita 22 tu, ili plastiki isilike upesi. Alifanikiwa sana. Lakini kichwa kidogo kina ubaya wake: hakihitaji kusogea mbali ili kiruke ukingo wa kikombe. Siku hizi plastiki ni imara zaidi, na madaktari wengi huweka vichwa vya milimita 32 au 36, ambavyo vina safari ndefu zaidi kabla ya kutoka.

NANI ANAHITAJI NYONGA YA BANDIA

Wengi hudhani ni ugonjwa wa wazee tu. Ni kweli kwamba wazee wengi gegedu zao zimelika, na wengine huanguka na kuvunja shingo ya mfupa wa paja. Baadhi yetu tunamkumbuka Papa Yohane Paulo II alipofika Mwanza mwezi Septemba 1990, mwenye nguvu na mwendo wa haraka. Mwezi Novemba 1993 alianguka na bega lake likateguka. Mwezi Aprili 1994 alianguka tena bafuni, akavunja mfupa wa paja, na madaktari wa hospitali ya Gemelli mjini Roma wakamwekea nyonga ya bandia. Ulimwengu mzima ulimwona baadaye akitembea na fimbo. Wala hakuificha.

Lakini hapa Kanda ya Ziwa tuna sababu nyingine inayowagusa vijana, nayo ni selimundu. Kanda hii ni moja ya sehemu za nchi zenye ugonjwa huo kwa wingi. Chembe za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Kichwa kinakosa damu, kinakufa, kisha kinabonyea. Kijana wa miaka 20 anaanza kuchechemea, watu wanasema ni baridi yabisi au amerogwa, na kumbe mfupa umekufa. Hao nao hufikia kuwekewa nyonga ya bandia, tena mapema. Na kijana hana tabia ya kukaa kwa uangalifu kama mzee, jambo ambalo wazazi wafikirie.

INACHOMOKAJE

Kati ya watu 100 waliowekewa nyonga ya bandia kwa mara ya kwanza, mmoja hadi watatu hivi huchomokwa. Waliopasuliwa mara ya pili kwenye nyonga ile ile huchomokwa zaidi, hata mtu mmoja kati ya 10 au kuzidi. Zaidi ya nusu ya ajali hizi hutokea katika miezi mitatu ya kwanza. Kwa hiyo wengi hawachomokwi kabisa, na hatuandiki ili kumtisha mtu asiende kupasuliwa. Nyonga ya bandia ni moja ya matibabu yaliyowarudishia watu furaha ya kutembea kuliko mengi tunayoyajua.

Jinsi inavyotoka ni rahisi kuelewa ukitazama mtu anavyofungua soda. Kifungulio kinaegemea ukingo wa kizibo, unakinyanyua, kizibo kinang'oka. Hali kadhalika mtu akikunja nyonga kupita kiasi, shingo ya ile nondo inagonga ukingo wa kikombe upande wa mbele. Akiendelea kukunja, na hasa akizungusha mguu kwa ndani, kichwa kinanyanyuliwa na kutoka upande wa nyuma. Haihitaji nguvu. Kuinama kuokota sufuria, kufunga kamba za kiatu, kuinuka kutoka kwenye kigoda, hayo yanatosha.

Madaktari wengi hupitia upande wa nyuma, penye tako, na hao wagonjwa wao ndio huchomokwa kwa nyuma kwa njia tuliyoieleza. Wengine hupitia ubavuni au mbele. Aliyepasuliwa kwa mbele hatari yake ni kinyume: kupeleka mguu nyuma sana huku vidole vikitazama nje. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la kumwuliza daktari kabla ya kuruhusiwa ni hili: "Umeingilia upande gani?" Jibu liandikwe kwenye karatasi, pamoja na tarehe ya upasuaji, aina ya nyonga na ukubwa wa kichwa. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na cheti cha ubatizo na kadi ya bima. Daktari mwingine akija kumhudumia mgonjwa huyo usiku wa manane, itamfaa kuliko maelezo ya ndugu kumi.

Wako walio katika hatari zaidi kuliko wengine: wazee sana, wenye misuli iliyokonda kwa kulala muda mrefu, wenye uti wa mgongo uliokakamaa, waliopooza upande mmoja, waliopoteza kumbukumbu wakasahau masharti, na wanywaji wa pombe. Wakati mwingine kosa ni la fundi, kikombe kimewekwa kwa mwelekeo usiofaa. Hilo nalo lipo, na tutalirudia.

SAA ILE YENYEWE

Tuchukue mfano wa mama wa Butiama mwenye miaka 60, wiki ya tano tangu apasuliwe. Wanajumuiya wamekuja kumjulia hali. Mtu mmoja kwa wema anamsogezea kigoda akae nao. Anakaa, wanasali, wanaongea. Anapojaribu kuinuka, anajisukuma mbele, magoti yako juu ya kiuno, na mara anasikia kitu kimelia "ko" ndani ya tako. Maumivu yanamshika papo hapo. Hawezi kusimama. Wakimlaza wanaona mguu ule umekuwa mfupi kuliko mwenzake, goti limekunjwa kidogo na unyayo umegeukia ndani.

Hiyo ndiyo picha ya nyonga iliyochomoka kwa nyuma. Ikichomoka kwa mbele, mguu hugeukia nje. Lakini mfupa uliovunjika kuzunguka ile nondo unaweza kuonekana hivyo hivyo, na kwa macho hakuna awezaye kutofautisha kwa hakika. Ni eksirei tu.

Basi hapo familia ina uamuzi wa kufanya, nao ndio uliotufanya tuandike makala hii. Mtu mmoja atasema, "Tumwite mzee fulani, anajua kuvuta viungo." Hatusemi kwamba waganga wa kienyeji wa mifupa hawajui lolote, vidole vilivyoteguka vingi vimepita mikononi mwao. Lakini nyonga ya bandia msimpe mtu aivute nyumbani, hata awe na sifa gani. Kwanza, misuli ya paja imekaza kwa maumivu, na bila dawa ya kuilegeza wanaume wanne hawataishinda. Pili, wakivuta na kusokota, mfupa wa paja unaweza kupasuka kando ya nondo, na hapo kazi ya dakika chache inageuka kuwa upasuaji mkubwa. Tatu, nyuma ya nyonga hupita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka mguuni. Ukibanwa au ukivutwa vibaya, unyayo unalegea, na mtu anabaki akiburura vidole.

Fanyeni hivi. Mlazeni chali pale pale alipo, au kwenye mkeka. Mguu uacheni katika hali uliyojichagulia wenyewe, msijaribu kuunyosha. Wekeni mto au kanga zilizokunjwa chini ya goti ili upate pa kuegemea. Mwambieni achezeshe vidole na kuinua unyayo, kisha mguse mguu kama una joto na kama anahisi. Kama hawezi kuinua unyayo, au mguu umekuwa wa baridi na kufa ganzi, mwambieni mganga mara tu mnapofika, kwa sababu hapo haraka inazidi.

Msimpe chakula. Hili ni gumu kwetu, maana mgonjwa kwetu hupewa uji au chai kwanza ndipo safari ianze. Lakini mgonjwa huyu pengine atapewa dawa ya usingizi leo leo, na tumbo lililojaa likitapika usingizini, chakula huingia kwenye mapafu. Mkimlisha saa nane, huenda daktari akalazimika kungoja mpaka usiku. Kumbukeni saa aliyokula mara ya mwisho, mtaulizwa. Mwenye kisukari anayetumia dawa ni habari nyingine. Pigeni simu hospitali mwulize, asije akaishiwa sukari njiani.

Kumsafirisha kwenye bodaboda haifai kabisa, hata kama ndiyo iliyo mlangoni. Tafuteni gari ambalo anaweza kulala, machela ikikosekana mtumie mlango au kitanda cha kamba. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kumchoma sindano ya maumivu na kumwandikia barua, na mkipita hapo si kupoteza muda. Kisha aende penye eksirei na daktari wa usingizi. Kwa watu wa Musoma na Butiama, hiyo ina maana ya hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Kwangwa. Kule, wakiona jambo limewazidi, watamwandikia kwenda Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Watu wa Bunda wao tayari wako njiani. Chukueni ile karatasi ya upasuaji na picha za zamani.

Mtauliza, je, ikipita siku? Nyonga ya kuzaliwa nayo ikichomoka kwa ajali madaktari hutaka irudishwe ndani ya saa sita hivi, kwa sababu kichwa cha mfupa kinakosa damu na kufa. Nyonga ya bandia haina damu ya kukosa. Lakini kila saa inayopita misuli inajikunja, uvimbe unaongezeka, na mshipa wa fahamu unaendelea kukandamizwa. Ikikaa siku nyingi huenda ikakataa kurudi bila kisu. Kwa hiyo iwe siku ile ile.

HOSPITALINI

Baada ya eksirei na kupima mishipa, daktari akiona hakuna mfupa uliovunjika, kwa kawaida hujaribu kuirudisha bila kupasua. Mgonjwa hulazwa usingizi, au hupewa dawa ya kumsinziliza na kulegeza misuli. Msaidizi anashika kiuno kisitikisike. Daktari anakunja nyonga na goti, anavuta polepole kuelekea juu huku akiuzungusha mguu, na kichwa kinaingia kikombeni kwa mlio ambao hata msaidizi husikia. Mguu hurudia urefu wake palepale. Kisha daktari huuzungusha kidogo ili ajue unatoka ukifika wapi, na picha nyingine hupigwa kuhakikisha kwamba kichwa kimekaa katikati. Mgonjwa anapoamka maumivu makali yameshaondoka. Wapo waliotembea kwa magongo kesho yake.

Wengine huvalishwa mkanda mgumu wa kuzuia nyonga isikunjwe, wengine hawavalishwi. Msidhani asiyevalishwa amepuuzwa. Haijathibitika kwamba mkanda unazuia nyonga isichomoke tena, na madaktari hawakubaliani juu yake. Jambo ambalo wote wanakubaliana ni kurudia masharti ya mwanzo kwa wiki nyingine 6 hadi 12, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya tako chini ya mtaalamu wa viungo. Zoezi la kawaida ni kusimama huku umeshika meza na kuupeleka mguu pembeni, kisha kuurudisha. Linaonekana la kitoto. Misuli hiyo ndiyo inayokibana kichwa ndani ya kikombe saa zote 24.

Kati ya watu watatu waliorudishiwa nyonga iliyochomoka kwa mara ya kwanza, wawili hivi hawachomokwi tena. Kuchomoka mara moja, basi, si mwisho wa nyonga hiyo.

Wakati mwingine inakataa kurudi: nyama imeingia katikati, au plastiki imetoka ndani ya kikombe chake. Hapo ni lazima kupasua. Na ikichomoka mara ya pili na ya tatu, tusiridhike na kurudishiwa kila mara kama mlango wenye bawaba mbovu. Familia iwe na ujasiri wa kumwuliza daktari sababu ni nini. Je, kikombe kimekaa vibaya? Je, nondo imelegea? Je, misuli iling'oka? Je, kuna usaha? Hilo la usaha lazima lipimwe, hasa kwa mtu aliyekaa miaka na nyonga yake vizuri halafu ghafla ikaanza kutoka. Baada ya miaka mingi sababu nyingine ni plastiki kulika.

Dawa ya kuchomoka mara kwa mara ni kupasua tena na kurekebisha kilicho kibaya: kugeuza kikombe, kuweka kichwa kikubwa zaidi, au kuweka aina yenye kichwa ndani ya kichwa, ambayo Mfaransa Gilles Bousquet na wenzake waliibuni miaka ya 1970. Ndani yake kuna mpira mdogo unaozunguka ndani ya mpira mkubwa wa plastiki, na huo mkubwa nao unazunguka ndani ya kikombe. Ni vigumu kutoka. Kipo pia kikombe chenye pete ya kukifungia kichwa, lakini hicho huwekwa pale njia nyingine zimeshindwa, kwa kuwa kinabanwa sana na huweza kulegea au kuvunjika. Upasuaji huu wa pili ni mgumu na wa gharama kuliko wa kwanza, na kwa wengi wetu maana yake ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Dar es Salaam. Ng'ombe wa familia wanaweza kuishia huko.

KUANDAA NYUMBA

Kwa hiyo tunawashauri: nyumba iandaliwe kabla mgonjwa hajaondoka kwenda kupasuliwa, si baada ya kurudi. Wengi huandaa nauli na mashuka, wakasahau choo.

Choo ndicho hatari ya kwanza. Mtu aliyepasuliwa kwa nyuma hawezi kuchuchumaa, na hilo halina mjadala. Seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati na miguu minne imara, kikawekwa juu ya shimo. Kimo chake kipimwe kwa mwenyewe akiwa amesimama: kiti kifike nyuma ya goti au kipite kidogo. Akikaa, magoti yawe chini ya usawa wa nyonga. Kando yake pachimbiwe mti wa kushika wakati wa kuinuka. Gharama ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Mwanza na kurudi.

Kipimo hicho hicho cha goti kitumike kwa kila anachokalia. Vigoda vyote viondolewe machoni pake. Makochi laini yanayomeza mtu nayo ni mabaya, mtu anazama na magoti yanapanda. Kiti kizuri ni cha mbao chenye mikono, na kama ni kifupi kiongezewe mto mgumu. Anapoinuka autangulize mguu uliopasuliwa mbele, asukume kwa mikono, asiiname. Kitanda kifupi kiinuliwe kwa matofali manne. Alale chali akiwa na mto katikati ya miguu. Mto huo ni wa kuizuia miguu isipandane usingizini.

Mambo matatu ya kukumbuka kwa aliyepasuliwa kwa nyuma ni haya: goti lisipande juu ya nyonga, mguu usivuke mwenzake, na unyayo usigeuzwe ndani. Watoto wa shule wafundishwe wamkumbushe bibi. Huwa walinzi wakali kuliko watu wazima. Akitaka kugeuka apige hatua ndogo ndogo, asizunguke juu ya mguu mmoja. Kitu kikianguka, mwingine aokote.

Jikoni ndiko akina mama hushindwa. Kupika kwenye mafiga ni kuinama mchana kutwa. Ama jiko lipandishwe juu ya benchi la matofali, ama mtu mwingine apike kwa miezi mitatu, na baba asione haya kuwa ndiye huyo mtu mwingine. Ufagio ufungwe mpini mrefu. Palizi iachwe msimu huo. Mama anayeanika dagaa mwaloni asirudi kwenye kazi ya kuinama wala kupanda mtumbwi mpaka daktari amruhusu. Kuoga kuwe kwa kusimama au kwa kukalia kiti kirefu, na ndoo iwekwe juu ya kitu. Wanandoa nao wasubiri wiki 6 hivi, na wasione aibu kumwuliza daktari au muuguzi. Ameulizwa na wengi.

Kanisani akae kwenye benchi wakati wengine wanapiga magoti, au asimame. Taratibu za Misa zenyewe zinamruhusu mgonjwa kufanya hivyo. Akitaka kutoa heshima ainamishe kichwa tu, si mgongo wote. Baadaye, akiwa amepona na daktari amemruhusu kupiga goti moja, goti linaloshuka chini ni la upande uliopasuliwa, na mguu mzima ndio unaobaki mbele.

Kusafiri kwa basi kutoka Mwanza au Dar es Salaam mara baada ya upasuaji kunahitaji maandalizi. Kiti kiwe cha mbele penye nafasi ya kunyosha mguu, mto wa kukalia uwepo, na dereva aombwe kusimama kila baada ya saa moja au mbili. Kutembea huko kunasaidia pia damu isigande mguuni.

Msomaji anaweza kusikia kwamba ziko hospitali, hasa Ulaya na Marekani, zilizolegeza masharti haya, na uchunguzi umeonyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa kwa mbele au ubavuni hawakuchomokwa zaidi kwa kulegezewa. Ni kweli. Lakini wale wanarudi kwenye nyumba zenye vyoo vya kukalia, vitanda virefu na majiko ya mezani. Masharti yao yako ndani ya samani zao. Sisi tunaona ni salama zaidi mgonjwa wa kwetu ayashike mpaka daktari aliyempasua atakapomwachilia kwa maneno yake mwenyewe. Na siku ya kumwona daktari huyo, kwa kawaida wiki ya sita, isiachwe kwa sababu maumivu yamekwisha. Picha ya siku hiyo ndiyo ya kwanza kuonyesha nyonga baada ya mtu kuitembelea, na zitakazopigwa miaka ijayo zitalinganishwa nayo.